Tafi Wetu Walionekana Hispania

Siku ya kwanza tulipozipandisha rekodi zetu za viumbe wa pwani kwenye ramani ya kompyuta, tafi waliovuliwa Mombasa walitokea nchi kavu, karibu na mji wa Toledo, Hispania. Wengine walikuwa kusini mwa Ethiopia. Kundi la tatu lilirundikana Ghuba ya Guinea, pale ikweta inapokutana na longitudo 0. Wakati huo seva ilikuwa imeshanunuliwa, chumba kimeshatiwa kiyoyozi, na keki ya uzinduzi imeshaliwa.

Mombasa iko kama nyuzi 4.05 kusini na 39.67 mashariki. Kwa kompyuta, kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, yaani -4.05. Ukiisahau alama hiyo, samaki anaruka ikweta na kutua Ethiopia. Ukipishanisha safu, latitudo ikakaa penye longitudo, unapata 39.67 kaskazini na 4.05 magharibi, na hapo ndipo Hispania. Wale wa Ghuba ya Guinea walikuwa rekodi zisizo na vipimo vya GPS; mtu aliona visanduku vitupu vinamkera, akavijaza sifuri.

Nakuandikia wewe unayeingia kazi hii ya kuunganisha data za bioanuwai, ambaye pengine umeambiwa utajenga mfumo. Mfumo utaujenga, lakini miezi ya mwanzo utaimaliza ukibishana na watu juu ya vichwa vya safu. Usione haya. Sisi tulikuwa taasisi kadhaa, huyu wa mikoko, huyu wa matumbawe, huyu wa ndege, na kila mmoja na faili lake la ekseli alilolilea kama mtoto. Tulikubaliana mapema nembo ya nani itangulie kwenye bango. Safu za jedwali tukaziacha "zitajipanga zenyewe". Hazikujipanga.

Usibuni mpangilio wako. Kuna Darwin Core, uliopitishwa rasmi mwaka 2009, na wengi huudhania ni programu ya kununua. Ni mapatano tu: safu hii iitwe hivi, ibebe kitu hiki. Faida yake ni kwamba GBIF, hazina ya kimataifa ya data za viumbe iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye makao Copenhagen, inausoma, na ina rekodi zaidi ya bilioni 2 za viumbe. OBIS, hazina kama hiyo ambayo inahusika na bahari na iko chini ya UNESCO, inausoma pia. Ukiandika kwa lugha yako mwenyewe, utabaki ukijisomea mwenyewe.

Majina ndiyo yatakayokuchosha zaidi, na hapa sina budi kujisema. Nilipoanza nilipewa orodha ya mikoko niisafishe. Nikakuta mkandaa, halafu kikandaa. Mimi Mswahili, nimekulia papa hapa. Nikasema hicho "ki" ni cha udogo, kikandaa ni mkandaa mchanga. Nikaziunganisha safu mbili kuwa moja, nikaenda zangu kunywa chai. Kumbe mkandaa ni Ceriops tagal na kikandaa ni Lumnitzera racemosa, miti ya familia mbili tofauti. Kenya nzima ina aina tisa tu za mikoko, nami nilikuwa nimeifuta moja kwa kidole. Aliyeniokoa ni mama mmoja wa kikundi cha kupanda mikoko. Alitazama jedwali kwenye laptopu yangu akauliza, "Kikandaa mmekipeleka wapi?"

Kwa hiyo andika jina kama lilivyotamkwa, kisha jina la kisayansi katika safu nyingine, kisha namba ya spishi kutoka WoRMS, sajili ya majina ya viumbe wa baharini. Usifute la kwanza ati kwa sababu la pili limepatikana. Siganus sutor kwetu ni tafi, ukivuka Tanzania anaitwa tasi. Changu ni jina linalobeba spishi kadhaa za Lethrinus, na aliyeandika "changu" pengine hakumaanisha ile uliyoidhania. Jina la asili likiwapo, kosa lako litarekebishika. Na faili la awali usiliguse kabisa. Fanyia kazi nakala.

Saa nazo zina mambo. Katika madaftari ya bandarini tulikuta "saa 4". Kijana wa kuingiza data, aliyesoma vizuri tu, akaandika 04:00. Nilipomuuliza mzee mwenye daftari kama ni kweli alitoa malema, mitego yake ya samaki, alfajiri, alinitazama kwa huruma. "Saa nne ya asubuhi, mwanangu. Kwani nyinyi ofisini saa zenu zinaanzia wapi?" Ilikuwa 10:00. Tulirudi nyuma daftari baada ya daftari, na pale tusipokuwa na hakika tuliacha tupu. Tarehe ziandike kwa kuanza na mwaka, 2014-04-03, kwa sababu 03/04 kwako ni Aprili na kwa Mmarekani ni Machi. Saa iwe ya 24, na uongeze +03:00 mwishoni ijulikane ni ya Afrika Mashariki.

Mzee yule alikuwa pia na alama yake pembeni ya kila ukurasa, b au m. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanaposogea kidogo tu. Tulikuwa karibu tuiache kwa kuwa haikuwa na safu. Darwin Core ina nyongeza ya vipimo na maelezo ya ziada. Iliingia humo, na leo ndiyo safu ninayoipenda kuliko zote.

Madaftari ya zamani yapigie picha kabla hujayafikiria. Hewa yetu ya chumvi haina subira: pini zinaota kutu, karatasi zinashikana. Matumbawe ya pwani hii yalipauka vibaya mwaka 1998, na anayetaka kujua mwamba fulani ulikuwaje kabla ya hapo atategemea yaliyoandikwa wakati ule.

Seva? Sina mengi. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, basi intaneti si kisingizio kama zamani, ingawa stima ni habari nyingine. Programu ya GBIF ya kuchapishia data ni ya bure, na unaweza kuhifadhiwa kwenye seva ya wengine. Weka nakala tatu, moja nje ya mji huu.

Wenye data hawatakupa kwa sababu una mfumo mzuri. Mtafiti anaogopa mwingine atachapisha kabla yake, na hofu hiyo ina haki. Mpe muda maalumu wa kuzuia data zake zisitoke, uandikwe, na umwoneshe kwamba seti ya data ikichapishwa hupata DOI, namba ya kudumu ya kuitambulisha, na yeye hutajwa. Majina ya wavuvi yaondoe kwenye kinachotoka nje. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Mahali kasa anapotagia paeleze kwa ujumla, usitoe nyuzi kamili, wasije wezi wa mayai wakakushukuru.

Na warudishie waliokupa. Mwaka mmoja tulichapa chati kubwa ya samaki waliopatikana kila mwezi, tukaibandika kwenye banda la wavuvi. Mzee wa malema akavaa miwani, akapitisha kidole Januari, Februari, hadi akafika katikati ya mwaka, ambapo mstari ulianguka mpaka chini.

"Hapa mmesema hakuna samaki?"

Nikamwambia ndivyo data zinavyoonesha.

"Hapa ni pepo za kusi," akasema. "Hatukwenda baharini."

Safu ya siku za kuvua hatukuwa nayo. Siku ambazo hakuna chombo kilichotoka, kompyuta ilikuwa imeweka sifuri, ile ile ya Ghuba ya Guinea. Tuliibandua chati, na jioni ile tukaanza kumuuliza kila nahodha alitoka siku ngapi.