Ukiwauzia wateja wa tovuti huduma ya malipo, usiziguse fedha zao

Mteja uliyemtengenezea tovuti hakawii kuuliza: "Sasa watu watanilipaje humu humu?" Hapo ndipo wengi wetu tunaohudumia biashara ndogo Mombasa tunapoona mlango wa kipato cha kila mwezi. Mlango huo upo kweli, na sehemu ya riziki yangu inapitia humo. Ila kuna njia ya kuuingia ambayo ningependa kila kijana anayeanza kazi hii aiepuke.

Akaunti ya malipo iwe ya mteja, kwa jina la biashara yake, na fedha ziingie kwake moja kwa moja. Ushawishi wa kufanya kinyume ni mkubwa. Paybill yako, yaani namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo ya biashara, unayo, imeshaunganishwa na Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha tovuti na M-Pesa, na inafanya kazi vizuri. Mbona usiwapitishie wateja wote humo, ukate asilimia yako, kisha kila Ijumaa uwatumie kilichobaki? Mteja mwenyewe atafurahi kuepushwa na makaratasi. Usikubali. Kupokea fedha za wafanyabiashara wengine na kuwagawia ni kazi ya kampuni yenye leseni ya Benki Kuu. Kenya ina Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ya 2011, na wenzetu wa Tanzania wana yao ya 2015. Na hata sheria isingekuwapo, akaunti yako ikizuiwa kwa sababu ya muamala mmoja unaotiliwa shaka, muuza keki, fundi cherehani na mwenye nyumba ya wageni wote wanakosa fedha zao siku hiyo hiyo, na wote wanakupigia wewe.

Kwa hiyo unauza nini? Unauza kazi yako: kuunganisha, kujaribu, kusimamia, na kupokea simu mambo yanapokwama. Wengi hukimbilia kuongeza asilimia moja juu ya makato ya kampuni ya malipo. Hebu tupige hesabu. Muuza keki mwenye oda 60 kwa mwezi, kila moja KSh 2,000, anaingiza 120,000. Asilimia moja yake ni 1,200. Kwa 1,200 hiyo utaamshwa Jumapili alfajiri mteja wa harusi akilipa na oda isionekane, na mwezi wa biashara kudorora hata hiyo huipati. Mtoze ada ya kuunganisha mara moja, halafu ada ya mwezi isiyobadilika, tuseme KSh 3,000, na umweleze inalipia nini. Iwapo kampuni ya malipo inakupa kamisheni kwa kumpeleka mteja, ichukue, lakini iandike kwenye makadirio ya bei unayompa. Akija kuigundua mwenyewe baadaye, hatakuamini tena hata kwa jambo dogo.

Tena si kila mteja anahitaji huduma hii. Mwenye oda tatu kwa wiki anatosheka na namba yake ya Till, ile ya M-Pesa ya kulipia dukani, iliyoandikwa wazi kwenye tovuti. Mwambie hivyo, hata kama unakosa kazi. Anayehitaji ni yule ambaye ujumbe wa M-Pesa umekuwa mwingi hadi hajui nani amelipa na nani bado, au aliyewahi kutoa mzigo kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe wa kughushi. Na anahitaji zaidi yule ambaye wateja wake wako ng'ambo na hawana M-Pesa.

Kwa upande wa M-Pesa, kazi kubwa iko kwenye STK Push. Mnunuzi anaandika namba yake ya simu, dirisha la kuomba PIN linatokea, analipa, kisha Safaricom inatuma majibu kwenye seva yako. Majibu hayo wakati mwingine hayafiki: seva imezimika, au cheti cha usalama cha tovuti kimeisha muda. Fedha zimeshatoka kwa mnunuzi, lakini tovuti inasema hajalipa, naye anabonyeza tena na kulipa mara mbili. Hapa ndipo ada yako ya mwezi inapopata maana. Funga kitufe cha kulipa mara kinapobonyezwa. Mfumo usisubiri majibu tu. Baada ya muda mfupi uulize wenyewe hali ya muamala. Hifadhi namba ya risiti ya M-Pesa pamoja na kila oda, ili mama wa dukani aweze kulinganisha na taarifa yake bila kukuita. Na zile namba za majibu zigeuze maneno ya watu: 0 ni malipo yamepita, 1032 ni mnunuzi ameghairi mwenyewe, 1037 ni simu yake haikupatikana au hakujibu kwa wakati. Mtu akiandikiwa "hitilafu 1037" anaondoka. Akiandikiwa "Simu yako haijapatikana, hakikisha imewashwa ujaribu tena," anajaribu tena.

Kabla ya hayo yote, uliza nani anashika simu ya msimamizi wa Till au Paybill. Mara nyingi ni mpwa aliyesaidia kusajili kisha akahamia Nairobi. Bila mtu huyo huwezi kupata idhini ya kuanza kazi rasmi, na kumbadilisha huchukua muda kuliko programu yenyewe.

Kadi zina mambo yake. Namba ya kadi isiandikwe kamwe kwenye fomu uliyoitengeneza wewe. Mpeleke mnunuzi kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, ili sehemu kubwa ya mzigo wa PCI DSS, kanuni za usalama wa taarifa za kadi, ibaki kwao. Mwenye nyumba ya wageni Diani mweleze mapema mambo mawili. Fedha za kadi hazimfikii papo hapo kama za M-Pesa, kwa hiyo asizihesabu kwenye matumizi ya kesho. Na mgeni anaweza kuyapinga malipo kupitia benki yake, kwa kawaida hadi siku 120, na kwa chumba kilicholipiwa mapema siku hizo zinaweza kuanza kuhesabiwa tarehe ya kufika. Masharti ya kughairi yawe kwenye tovuti, na mgeni ayakubali kabla ya kulipa. Mwenye nyumba ahifadhi barua pepe na kitabu cha wageni, maana huo ndio ushahidi atakaoulizwa.

Siku ya kukabidhi kazi, lipa wewe mwenyewe shilingi moja halisi mbele ya mteja, aione ikiingia kwenye akaunti yake. Funguo za Daraja na nywila zisitumwe WhatsApp. Kwenye mkataba andika kwamba akiamua kumwendea fundi mwingine, utamkabidhi kila kitu ndani ya siku saba, naye abadilishe funguo siku hiyo hiyo utakapoondoka.