Kutoboa masikio ya saa "bila kuifungua"

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Nina Seiko 5 ya otomatiki, upana wa mkanda ni 18 mm. Ijumaa na kanzu naivalisha mkanda wa ngozi, siku za kazi bangili ya chuma, na nikienda kuogelea Nyali naitia wa nailoni. Kila nikibadilisha, kifaa kinateleza, na ndani ya masikio, yale manne yanayoshika pini za mkanda, kumejaa mikwaruzo. Juzi pini moja ilikataa kabisa kutoka. Nimeona saa ambazo matundu ya pini yametokeza hadi nje ya masikio. Unabonyeza kwa kitu chenye ncha, pini inatoka. Kuna kijana Mwembe Tayari mwenye keekee ya mkononi, ameniambia atanitobolea yote manne kwa robo saa, tena bila kuifungua saa, kwa kuwa matundu hayafiki kwenye mashine. Nimpe? Tundu liwe na ukubwa gani? Na maji hayataingia? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Usimpe.

La maji nilimalize upesi. Masikio ya saa yapo nje ya sehemu iliyozibwa. Maji huingia kwa mfuniko wa nyuma, kwa taji (kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa) au kwa kioo. Tundu la sikio halibadilishi lolote hapo. Wala matundu ya kutokeza si ujanja wa mtaani: Seiko SKX007 ya wapiga mbizi ilitoka nayo kiwandani, na Rolex Submariner za zamani vilevile. Ulichokitamani ni kitu cha haki. Balaa liko kwenye hayo maneno "bila kuifungua".

Maneno haya hayaishi mjini. Ati tundu halifiki kwenye mashine, basi mashine itolewe ya nini? Ukiyasikia mara ya kwanza yana mantiki, na ndiyo maana yanawanasa hata watu makini. Biti kweli haifiki. Yanayofika ni mengine.

Kwanza mtikisiko. Ndani ya saa yako kuna gurudumu linaloyumba huku na huku, na ncha za ekseli yake ni nyembamba kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Seiko huzikinga kwa springi ndogo iitwayo Diashock. Kinga hiyo iliundwa kwa pigo moja, saa ikigonga ukuta au ikianguka. Haikuundwa kwa robo saa ya mtetemo mfululizo kasha likiwa limebanwa kwenye jiliwa. Pili sumaku. Mota ya keekee iko sentimita chache tu kutoka kwenye springi nyembamba kama unywele inayoliyumbisha gurudumu hilo, na springi hiyo ikishika sumaku mizunguko yake hugusana, saa ikaanza kukimbia dakika kadhaa kwa siku. Mwenyewe utadhani mashine imechoka, upelekwe kulipia matengenezo ambayo hukuyahitaji. Tatu unga wa chuma. Hauingii siku hiyohiyo. Hujificha kwenye mfereji wa mfuniko na kwenye shingo ya taji, unatulia. Siku taji linapovutwa kurekebisha tarehe, au mfuniko unapofunguliwa, ndipo unapoingia, na wakati huo hakuna anayekumbuka habari za keekee. Bado jiliwa lenyewe: likikazwa kidogo tu kupita kiasi kasha hupinda, kioo kikalegea, na hapo ndipo maji uliyoyaogopa yatapata njia.

Kwa hiyo kazi ya haki huanza kwa kulivua kasha. Mfuniko hufunguliwa, shina la taji huchomolewa, mashine hutoka pamoja na uso na mishale, ikawekwa kwenye kiboksi chenye kifuniko. Kioo hubandikwa utepe wa karatasi. Sasa kinachotobolewa ni kipande cha chuma, si saa.

Ukubwa wa tundu hauchaguliwi kwa macho. Toa pini unayoitumia, upime ncha yake kwa vernia, kile kipimo cha kubana. Pini za kawaida zina ncha ya 0.8 mm, na tundu lake ni 0.9 au 1.0 mm. Pini nene za saa za kuzamia za Seiko zina mwili wa 2.5 mm na ncha ya 1.1 mm hivi. Hizo hesabu yake ni nyingine. Tundu likizidi ncha kwa zaidi ya 0.2 mm, pini inacheza. Na pini inayocheza hulila tundu pole pole mpaka likawa la yai.

Kigumu ni mstari. Tundu la kiwandani liko upande wa ndani wa sikio, wewe unatobolea nje, na lazima viwili hivyo vikutane katikati. Toka ndani huwezi, sikio la pili limekuzuia. Kwa jicho na mkono hutafika: uso wa nje wa sikio umeviringa, biti hugusa na kuteleza, ikachora mstari ubavuni au ikaingia kwa mshazari. Ikiingia mshazari hutokea kando ya tundu la zamani, mdomo wa ndani unakuwa kama faneli, na ncha ya pini, inayoingia milimita moja tu au karibu na hapo, inabaki imeshika ukingo mwembamba. Mkanda unaonekana umekaa. Kisha unaipandia feri, unashika chuma cha pembeni, saa inakwenda zake majini.

Fundi mwenye zana hutengeneza jigi. Chini kuna kijiti cha chuma kinachoingia kwenye tundu la zamani na kulishikilia sikio. Juu yake, kwenye mstari uleule, kuna kibomba kigumu cha kuiongoza biti. Keekee ni ya kusimama mezani, si ya mkononi. Huanza kwa biti fupi nene ya kuweka alama, kisha ya 1.0 mm ya chuma chenye kobalti, iliyoshikwa ili itokeze milimita 8 hadi 10 tu. Mwendo ni mizunguko 3,000 hadi 4,000 kwa dakika. Mashine ndogo za aina ya Dremel huzunguka hadi 30,000 na zaidi, na anayekuja na ile akaifungulia mwisho hajui stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Chuma hiki kina tabia ya ukaidi: biti ikikisugua bila kukikata, kinakuwa kigumu zaidi pale pale. Ndiyo maana husukumwa kwa uthabiti, 0.3 mm kwa mara, inatolewa, inasafishwa, inatiwa tone la mafuta ya kukatia chuma, inarudi. Unapokaribia kutokea unalegeza mkono, maana hapo ndipo biti nyingi huvunjika.

Na zikivunjika? Biti za kabaidi, zile za kutobolea vibao vya umeme, hukatika kama kioo zikishikwa mkononi. Kipande kinabaki ndani ya sikio na ni kigumu kuliko chuma kilichokizunguka, hukitoboi. Shabu iliyochemshwa majini hula chuma cha kawaida bila kuigusa shaba, na mafundi huitumia kutoa kipande cha chuma kilichokatikia kwenye shaba. Kwa kabaidi usiitegemee.

Baada ya matundu, kingo kali huondolewa kwa mkono mwepesi, kasha huoshwa mpaka unga wote utoke, gasketi mpya hutiwa grisi ya silikoni, mashine hurudi, na saa hupimwa kwa shinikizo la hewa kabla haijaguswa na maji. Hesabu nusu siku. Robo saa haitoshi hata kupanga jigi.

Sasa geuza saa usome mgongo wake, na hili nawaambia wote, si wewe peke yako. Ikiandikwa "STAINLESS STEEL BACK", maana yake mfuniko tu ndio stenlesi. Kasha lililobaki mara nyingi ni shaba ya manjano au aloi ya zinki iliyopakwa kromu. Mitaani maneno hayo husomwa kana kwamba saa nzima ni chuma, na muuzaji hasahihishi. Kasha la namna hiyo halitobolewi, liwe limetolewa mashine au halikutolewa. Ukishaivunja ile ngozi ya kromu, jasho na chumvi ya pwani hupenya chini yake. Shaba huota ukungu wa kijani, kromu hubanduka kama rangi ya mashua, na zinki humomonyoka mpaka sikio likakatika. Angalia pia unene: kandokando ya tundu ibaki angalau milimita moja ya chuma pande zote. Masikio membamba ya saa za kuvaa na suti hayana nafasi hiyo.

Nirudi kwako. Kati ya mikanda yako mitatu, wa nailoni wa kipande kimoja hupita chini ya pini bila pini kutolewa. Wa ngozi mtafutie pini zenye kijino cha kuvuta kwa ukucha. Fundi wa viatu anaweza kuupasulia mkanda wako wa sasa kijinafasi cha kijino hicho. Imebaki bangili. Hiyo ndiyo inayokwaruza, kwa sababu kifaa chenye panda hakina pa kupita. Bandika utepe kwenye masikio kabla ya kuanza, na kama unabadilisha kila wiki, nunua kibano kinachoshika mabega mawili ya pini (viduara vilivyotokeza karibu na ncha) kwa pamoja, mfano Bergeon 7825. Kitakugharimu, lakini saa yako itabaki na mashine nzima.

Pini iliyogoma haikugoma kwa kukosa tundu. Ni chumvi. Unatoka baharini Nyali, maji yanakauka ndani ya kibomba cha pini chenye springi, pini inashikana. Weka tone la mafuta ya kulegeza nati kwenye kila ncha, mkanda wa ngozi ukiwa mbali, uiache hadi asubuhi. Ikikataa, kata pini katikati kwa koleo la kukatia, vipande vitoke kimoja kimoja. Pini ni kitu cha kutupa: anayeogelea abadilishe kila mwaka. Na suuza saa kila utokapo baharini kwa maji matamu. Ya kisima cha chumvi ni kazi bure.

Wapo pia wanaotia supa gluu kwenye ncha ili pini "isitoke tena", na wanaokata msumari, wakaupitisha na kuugonga ncha zote mbili. Wa tatu ndiye msumbufu kuliko wote: anakuuzia pini zisizo na mabega, maana alikuta hizo tu. Pini hizo ni za masikio yaliyotoboka, ambako husukumwa kutoka nje. Kwenye masikio yako ya sasa zitaingia kwa mlio mtamu, na hazitakuwa na pa kushikwa tena. Kabla hajaitia, iombe uione: pembeni ya kila ncha pawe na kiduara kidogo kilichotokeza. Kama hakipo, mrudishie.