Wewe mwenye shahada unayeingia karakanani

Karibu kwenye useremala. Wapo watakaokuuliza kwa nini ulisoma miaka yote hiyo kisha ukashika randa. Wajibu kwa heshima, kisha urudi kazini. Elimu yako itakufaa sana humu, ila si mwanzoni.

Mwanzoni anayesoma ni mkono. Kwamba patasi hunolewa kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30 utaelewa mara moja. Kuishikilia pembe hiyo juu ya jiwe bila kuyumba kunataka mazoezi ya muda mrefu. Fundi aliyeacha shule mapema atakuacha mbali hapo, na ni haki yake. Kaa karibu naye, beba mbao, fagia, tazama kwanza ndipo uulize.

Usomi unaanza kulipa unapotafuta sababu. Chukua meza. Ubao hufyonza unyevu wa hewa na kuutoa, ukatanuka na kusinyaa kwa upana, huku urefu wake ukibadilika kidogo mno. Ukiugandisha uso wa meza kwenye fremu kwa gundi na skrubu pande zote, siku moja utapasuka, hata kama uliuranda ukang'aa. Ndiyo maana matundu ya skrubu kwenye fremu hutobolewa marefu kuelekea upana, ili ubao upate pa kusogea. Mwenye kuijua sababu hiyo hatishiki akiletewa mlango au kabati la aina asiyowahi kuonyeshwa.

Kwenye bei ndipo ninapowaona wasomi wakiumia. Kitu kimekugharimu 100, umeongeza asilimia 30, unauza 130. Mteja anaomba apunguziwe asilimia 20. Inaonekana bado una 10 mkononi, kumbe punguzo ni 26 na umebakiwa na 4. Na hiyo 100 lazima iwe na saa zako ndani yake, umeme, usafiri, na misumeno inayoisha makali. Wengi huhesabu mbao na gundi tu, wakaichukulia jasho lao kuwa bure kwa kuwa wanaipenda kazi. Tafadhali usifanye hivyo.

Chukua kwa mteja kianzio, yaani malipo ya awali, kinachotosha kununua mbao kabla hujakata chochote. Andikianeni vipimo, aina ya mbao, tarehe, na nani atalipia mteja akibadili mawazo kazi ikiwa nusu.