Busu la Rodin: nani alishika patasi?

Mhariri, mwalimu wetu wa sanaa anasema Auguste Rodin, mchongaji Mfaransa, hakuichonga yeye mwenyewe ile sanamu ya marumaru ya wapenzi wawili, Busu. Nilibisha, darasa zima likanicheka. Nani mkweli?
Mwanafunzi, Buruburu

Mwalimu amesema kweli, lakini asikuambie kwamba kwa hiyo sanamu si ya Rodin. Rodin alikuwa mtu wa udongo. Alifinyanga, udongo ukatolewa kalibu, kalibu ikamwagiwa plasta, na plasta hiyo ndiyo iliyopelekwa kwa mafundi wa mawe. Serikali ya Ufaransa iliagiza Busu la marumaru mwaka 1888 ili lionyeshwe kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya 1889. Halikuwahi. Watu waliliona 1898, na fundi aliyelichonga kwa sehemu kubwa ni Jean Turcan. Hilo ndilo liko Musée Rodin, Paris: kimo sentimita 181.5, upana 112.5, kina 117. La pili liliagizwa 1900 na Mmarekani aliyeishi Lewes, Uingereza, Edward Perry Warren, na sasa ni mali ya Tate, jumba la sanaa la Uingereza. La tatu liko Copenhagen. Lile la Philadelphia lilichongwa Rodin akiwa ameshafariki (alikufa Novemba 1917).

Fundi hakuchonga kwa kukisia. Alikuwa na mashine ya kupimia: fremu ya chuma yenye umbo la msalaba, inayokaa juu ya nukta tatu zilizowekwa kwenye plasta, na nukta tatu kama hizo kwenye jiwe. Kwenye fremu kuna sindano inayoteleza. Unaigusisha plasta, tuseme ncha ya goti, unafunga kizuizi chake, unairudisha nyuma, kisha unahamisha fremu nzima hadi kwenye jiwe. Unatoboa kwa keekee hadi sindano ifike pale pale kizuizi kinapogota. Tundu moja ni kipimo kimoja, na sanamu ya ukubwa huo ina mamia ya matundu. Kinachofuata ni kuondoa jiwe lililobaki kati ya tundu na tundu. Kazi ya kuamua mgongo upinde vipi ilikwisha zamani, kwenye udongo.


Mhariri, nina nakala ya plasta ya Busu yenye kimo cha sentimita 20. Nataka kuichonga kwa jiwe la Kisii iwe sentimita 40. Sina hiyo mashine. Nianzie wapi, na je, sheria inaniruhusu?
Mchongaji, Kariobangi

Sheria kwanza, maana jibu lake ni fupi. Hakimiliki ya Kenya hudumu miaka 50 baada ya kifo cha msanii, kwa hiyo chonga. Usiandike tu jina la Rodin chini yake. Andika lako, na ukiuza sema ni nakala.

Sasa jiwe. Kwa kimo cha sentimita 40, sanamu itachukua upana wa karibu 25 na kina cha 26. Ongeza ziada ya sentimita 3 kila upande na 5 kwenye kimo: tafuta pande la 45 kwa 31 kwa 32. Litakuwa na uzito wa kilo 120 hivi, kwa hiyo panga usafiri na meza imara kabla ya kulipa. Ligonge kwa nyundo ndogo. Likilia, ni zima. Likitoa sauti ya kufa, lina ufa ndani. Kisha limwagie maji uliache likauke: mstari unaobaki na unyevu wakati kwingine kumekauka ndio ufa wenyewe. Angalia pia mistari ya rangi. Ikipita mahali utakapochonga mkono wa mwanamke unaozunguka shingo ya mwanaume, geuza jiwe, ama mkono huo utakatikia hapo hapo.

Mashine huihitaji. Tumia bikari tatu. Weka alama A na B kwenye pembe mbili za mbele za kitako cha plasta, na C juu ya kichwa cha mwanaume. Weka A, B na C kwenye jiwe pia, umbali kati yake ukiwa mara mbili. C iwe kinundu cha jiwe usichokigusa hadi mwisho. Ukitaka kupata goti, pima kutoka A, kutoka B na kutoka C hadi gotini, zidisha kila kipimo kwa mbili, kisha zungusha bikari tatu kwenye jiwe. Zinapokutana ndipo goti lilipo. Anza na sehemu zilizotokeza zaidi: vichwa, mabega, viwiko, magoti. Simama milimita 5 kabla ya kufika, maana kosa la milimita 2 kwenye plasta ni milimita 4 kwenye jiwe, na jiwe halirudishwi.

Wengi huharibu kazi kwa kukimbilia nyuso. Nyuso ziko ndani, kivulini, zimesongamana; ziache hadi mabega na mikono vikae sawa. Nafasi kati ya vifua ifunguliwe mwisho kabisa, kwa keekee nyembamba, si kwa patasi, kwa sababu pigo moja la patasi hapo husukuma mkono kwa nje. Vidole vya miguu viache vimeshikana na mwamba. Rodin mwenyewe aliwakalisha wapenzi juu ya mwamba ambao ni jiwe lile lile, na ndiyo sababu uzito wote huo hausimami juu ya vifundo vya miguu.

Kumalizia, tumia patasi ya bapa, tupa, kisha msasa wa maji namba 150, 320, 600 na 1000, halafu nta. Mwamba uache na alama za patasi; ngozi inaonekana laini kwa sababu jiwe la chini yake halikulainishwa. Lowesha jiwe muda wote wa kazi na uvae barakoa ya vumbi, si kitambaa. Vumbi hilo halina mchezo na mapafu.


Mhariri, hawa wapenzi ni akina nani? Nimeambiwa midomo yao haigusani.
Msomaji, South B

Ni Paolo na Francesca, wa Italia ya karne ya 13. Francesca alikuwa mke wa kaka yake Paolo, na mume akawaua wote wawili. Mshairi wa Italia, Dante, akawaweka jehanamu katika shairi lake, akisema walibusiana wakisoma kitabu pamoja. Rodin alianza kuwafinyanga kwa ajili ya Lango la Jehanamu, mlango wa shaba aliopewa kazi yake 1880, kisha akawaondoa: walionekana na furaha mno kwa mahali pale. Na kweli, midomo haijakutana. Zunguka nyuma uangalie mkono wa mwanaume. Kitabu hicho bado kiko mkononi.


Mhariri, nimeonyeshwa dukani Busu la shaba lenye sahihi ya Rodin. Linafaa bei kubwa?
Msomaji, Ngara

Sahihi peke yake haithibitishi kitu, kwa kuwa hunakiliwa pamoja na sanamu. Mwaka 1898 Rodin aliingia mkataba na kiwanda cha Barbedienne, kikatoa Busu za shaba 319 kwa saizi nne, kwa hiyo hata ya kweli si ya pekee. Shika sumaku: shaba haivutwi. Linyanyue, likiwa jepesi na lisipokuwa baridi mkononi, ni plastiki iliyochanganywa na unga wa shaba. Kisha pima kimo. Metali hunywea ikipoa, kwa hiyo sanamu iliyotolewa kalibu kutoka kwa sanamu nyingine hutoka ndogo kidogo, asilimia 1 au 2. Ikipungua kuliko saizi inayodaiwa, mwambie muuzaji akutajie bei ya pambo.