Kabla hujashabikia "tutoke", angalia lori lako linabeba cheti gani

Aprili 2025, wiki ile Tanzania ilipozuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Ananunua mchele na tangawizi Mbeya, anavusha Kasumulu kwenda Malawi, na mara mojamoja Tunduma kwenda Zambia. Malawi walikuwa wameshafunga mlango tangu Machi: unga, mchele, tangawizi, ndizi, mahindi. Mzigo wake ulikuwa umelala ghalani. Dakika tatu na nusu alikuwa analalamika, na hapo mwisho akamalizia: "Mjomba, hii SADC inatusaidia nini? Si tutoke tu?" Alimaanisha jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania, Malawi na Zambia zote zimo.

Sikumjibu usiku ule. Neno "tutoke" nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa karani kijana kwenye ofisi ya uwakala wa forodha Dar es Salaam, na safari ile tulitoka kweli.

Wengi wa umri wa mpwa wangu hawajui kwamba Tanzania iliwahi kuwa mwanachama wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Serikali ya Mkapa ilitoa notisi mwaka 1999, maana mkataba ule unadai notisi ya mwaka mmoja, na Septemba 2000 tukawa nje. Mwezi uliofuata, Oktoba 31, nchi tisa za COMESA zikaanzisha eneo huru la biashara: ushuru wa forodha sifuri kati yao. Kenya ilikuwemo, Zambia na Malawi pia. Sisi tulikuwa tumeshafunga mlango nyuma yetu.

Mabishano ya wakati ule nayakumbuka vizuri kwa sababu ofisini kwetu yaliendelea kila saa ya chai. Upande wa serikali ulisema tumejiunga na jumuiya nyingi mno, kila moja ina ada na vikao vyake. Ulisema ushuru wa forodha ni pesa ya bajeti na hatuwezi kuuacha uende hivihivi, na kwamba viwanda vyetu, vingine ndiyo kwanza vimetoka kubinafsishwa, vitamezwa na bidhaa za Misri, Kenya na Zimbabwe. Upande wa pili, wenye viwanda wengi wakiwemo, ulisema tunajikata mkono: soko la nchi zaidi ya 20 linaachwa kwa sababu ya hofu.

Mimi nilikuwa upande wa kubaki, na bado niko huko. Lakini hoja ya jumuiya nyingi haikuwa ya kipuuzi. Umoja wa forodha maana yake ni kiwango kimoja cha ushuru kwa bidhaa za nje, na huwezi kuwa na viwango vya pamoja viwili tofauti kwa wakati mmoja. Watu wa serikali waliliona hilo mapema. Kilichotushinda kukijua sote, wao na sisi, ni nani hasa ataumia.

Tulibishana mwaka mzima wa notisi. Hakuna hata mmoja wetu ofisini, na kazi yetu ilikuwa makaratasi ya forodha, aliyefungua kabati la mafaili akauliza: mteja gani anatumia cheti cha COMESA, na mzigo wake unakwenda wapi?

Tungefanya hivyo, tungeona jambo ambalo redio haikulisema. Wateja wetu wa Zambia na Malawi hawakupata shida kubwa, kwa sababu nchi zile ziko COMESA na ziko SADC pia, na utekelezaji wa itifaki ya biashara ya SADC ulianza Septemba hiyohiyo. Walibadilisha cheti cha uasilia, yaani karatasi inayothibitisha bidhaa imetengenezwa wapi, wakajifunza masharti mapya, basi. Kenya na Uganda tulikuwa tumetia nao saini mkataba wa Afrika Mashariki Arusha, Novemba 1999, ingawa Umoja wa Forodha wenyewe ulikuja kuanza Januari 2005. Waliobaki bila mwavuli ni wale waliokuwa wakipeleka Rwanda, Burundi, Ethiopia, Sudan. Nchi hizo haziko SADC, na wakati huo Rwanda na Burundi zilikuwa bado hazijaingia Afrika Mashariki.

Niliielewa hesabu hii miaka minne baadaye, na aliyenilipia ada ya somo ni mteja.

Alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, anachukua sabuni za mche kiwandani Dar anapeleka Kigali. Mwaka 2004 aliniuliza kama mzigo wake utapata nafuu ya ushuru. Nikamjibu, tena kwa kujiamini: "Mama, hawa majirani zetu, cheti kipo, usiwe na wasiwasi." Nikamwandalia cheti cha kawaida kinachosema bidhaa imetengenezwa Tanzania. Mihuri yote ipo, kimepigwa taipu safi kabisa.

Alinipigia simu kutoka Rusumo, sauti iko chini. Afisa wa upande wa pili alikuwa amekisoma cheti kile kwa utaratibu, akakiweka mezani, akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani yenye majina ya nchi. "Cheti kinasema sabuni imetoka Tanzania. Sawa. Nionyeshe Tanzania hapa." Haikuwepo. Rwanda ilikuwa imeingia kwenye eneo huru la COMESA Januari mwaka huohuo. Sabuni ya Kenya ilipita bila ushuru wa forodha, ya mama ikalipa wote. Na barabara ya Dar hadi Kigali ni fupi kuliko ya kutoka Mombasa! Mungu alitupa njia fupi, makaratasi yakairefusha.

Alilipa, akauza kwa bei iliyokula faida yote, na hakurudi tena ofisini kwetu. Rwanda ilijiunga na Afrika Mashariki Julai 2007, kwa hiyo leo sabuni ile ingepita. Mama yule alikuwa ameshahamia biashara nyingine.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtu yeyote anayeishi kwa kuvusha mizigo, mabishano ya namna hii yanapoanza tena, ni huu. Usianze na hotuba, anza na faili lako. Chukua bidhaa yako na namba yake ya HS, ile ya kimataifa ambayo forodha huitambulia bidhaa, chukua nchi unayopeleka, halafu uulize: nchi yangu na ile ziko pamoja katika jumuiya ngapi? Zikiwa mbili, kutoka katika moja kutakusumbua lakini hakutakuua. Ikiwa ni moja tu, wewe ndiye unayejadiliwa bungeni hata kama jina lako halitajwi.

Na hata ukiwa na mwavuli wa pili, usidhani ni kubadilisha fomu tu. Masharti ya uasilia hutofautiana. COMESA unaweza kufuzu kwa kuonyesha kwamba thamani iliyoongezwa hapa nyumbani imefika asilimia 35. SADC wana masharti ya bidhaa mojamoja. Nguo, kwa mfano, kuishona tu hakutoshi, kitambaa nacho kinatakiwa kiwe kimefumwa ndani ya kanda. Mtu anayeagiza kitambaa China na kushona hapa anaweza kugundua kwamba shati lake si la Tanzania kwa macho ya forodha. Uliza TRA, mamlaka ya mapato, au TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, mapema, wakati mzigo bado uko kiwandani.

Muda upo, na watu huuchezea. Mali, Niger na Burkina Faso zilitangaza kujitoa ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, Januari 2024, zikatoka rasmi Januari 2025. Waingereza walipiga kura Juni 2016, wakatoka Umoja wa Ulaya Januari 2020, na mizigo yao ikaanza kukaguliwa kama ya wageni Januari 2021. Miaka minne na nusu! Bado kuna wafanyabiashara waliofika bandarini wiki ya kwanza bila fomu. Muda huo ndio wa kurekebisha mikataba: andika wazi nani atabeba ushuru ukibadilika mzigo ukiwa njiani. Mstari mmoja tu. Mimi ningekuwa nimeuweka kwenye makubaliano ya yule mama na mnunuzi wake, wangegawana hasara.

Takwimu za majukwaani zipokee kwa mkono wa kushoto, za pande zote. Uingereza, waliotaka kutoka walizungusha basi jekundu lililoandikwa kwamba wanaipelekea Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, na mamlaka yao ya takwimu ikasema wazi kwamba namba hiyo inapotosha. Kwetu nako, waliosema nchi itakufa nje ya COMESA walikosea. Haikufa. Biashara ilipinda ikatafuta njia nyingine, na maumivu yakaangukia watu wachache ambao hawakuwa na mtu wa kuwasemea.

Halafu kutoka kwenyewe mara nyingi si kutoka kabisa. Simama Tunduma leo uwaulize madereva bima ya kuvuka mpaka. Watakutolea kadi ya njano ya COMESA. Tanzania iliendelea na mpango huo wa bima mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyetaka malori yakatiwe bima upya kila mpaka.

Nilimjibu mpwa wangu asubuhi yake. Nikamuuliza: Malawi walikutoza ushuru? Hapana, cheti cha SADC alikuwa nacho, ushuru ulikuwa sifuri. Walichofanya ni kufunga geti. Sasa tukitoka SADC, geti litafunguka? Akanyamaza. Na wateja wako wa Zambia, mchele wako unapita kwa cheti gani? Hapo akacheka kidogo, cheko la mtu aliyekamatwa.

Hazikupita wiki mbili, nchi hizo zikazungumza, na Tanzania ikaondoa marufuku yake. Yeye hakusubiri. Mchele wa ghalani aliugeuzia Tunduma, na jioni akanitumia picha ya cheti kikiwa kwenye dashibodi ya lori, kina duara la kikombe cha chai juu ya muhuri. Anauliza kama watakikubali hivyohivyo. Nikamwambia arudi akachukue kingine.