Fundi Anajibu: Shati la kazini lizidi mwili kwa inchi ngapi?

SWALI: Shikamoo mama fundi. Nimepata kazi benki hapa Mwanza na nataka kushona mashati manne ya mikono mirefu. Fundi wa mtaani amenipima: shingo inchi 15, kifua 38, kiuno 33. Akaniuliza, "Nikubane au nikuachie?" Nikakosa jibu. Wenzangu wanavaa ya kubana mpaka vifungo vinavutika, na baba anasema shati la mtu mzima lipwaye. Niongeze kiasi gani?
Kijana wa dirishani, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya kazi. Jibu la kumpa fundi wako haliwezi kuwa moja, maana shati haliongezwi sawasawa mwili mzima. Pale mwili unapotanuka na kujikunja, uachiwe nafasi. Pale usipobadilika, shati liufuate.

Anza na tumbo, kwa sababu utakaa kutwa. Jipime umesimama, kisha keti upime tena. Wengi wetu futi inasogea inchi moja au zaidi. Chukua kipimo cha kuketi, tuseme 34, uongeze 4. Kifuani ongeza 4 au 4 na nusu, yaani shati lenyewe lizunguke 42 na nusu hivi. Nyongeza ikiwa chini ya inchi 3, ukinyosha mkono kumpa mteja fedha nafasi kati ya vifungo inaachama na singlendi inaonekana. Ikizidi 6, kitambaa kinajikusanya kwapani.

Shingoni nusu inchi inatosha: 15 na nusu. Vidole viwili vipite ndani ya kola iliyofungwa bila kukukaba. Begani usiongeze chochote. Mshono ukae pale mfupa wa bega unapoishia.

Sasa kwapa, na hapa ndipo ningependa umkazanie fundi. Vijana mnadhani unadhifu unatokana na kubana kifua. Hapana, unatokana na bega na kwapa. Tundu la mkono likikatwa chini, ukiinua mkono shati zima linapanda na kuchomoka kwenye suruali, hata liwe pana namna gani. Likikatwa juu, karibu na kwapa lenyewe bila kulichoma, mkono unapanda na shati linabaki mahali pake. Wateja wengi huomba lishushwe wakiogopa jasho. Usikubali. Mkono wa shati ukiwa na upana wa kutosha, hewa itapita.

Kuhusu baba, shati analolisema lina mahali pake. Likivaliwa nje ya suruali linapepea na kupoza mwili. Wewe utachomekea, na kitambaa chote cha ziada kitavimba kiunoni. Ukiona bado kinazidi, fundi atie mgongoni vikunjo viwili vya kushonwa ili kupunguza upana, kimoja kila upande. Hivyo vinafumuliwa ukinenepa, na mwaka wa kwanza wa mshahara watu hunenepa. Shati lililokatwa dogo halina dawa.

Usisahau kitambaa. Pamba tupu husinyaa, hivyo iloweke na kuikausha kabla haijakatwa, la sivyo kola ya 15 na nusu itakubana baada ya kufuliwa. Tetroni haisinyai sana, ila hainyonyi jasho. Ukiichagua, ongeza nusu inchi nyingine kifuani isije ikaganda mgongoni.

Mkono wa shati uishie kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanza, na mzunguko wa kafu, ule ukingo unaofungwa kwa kifungo, uzidi mzunguko wa hapo kwa inchi 2. Kama unavaa saa kubwa, ivae siku ya kupimwa.

Na usishone manne kwa mkupuo. Shona moja, lifue mara mbili tatu, kaa nalo kazini kutwa nzima. Kisha mpelekee fundi umelivaa, umwoneshe linapovuta. Matatu yaliyobaki ayakate kwa kufuata hilo.