Cairo: mtu wa njiani akikwambia msikiti umefungwa, nenda mlangoni mwenyewe

Mkuu, futa namba ya huyo kijana. Futa kwanza, halafu endelea kusoma.

Umeuliza mengi: mnarudi kutoka Umra, mna siku mbili Cairo kabla ya ndege ya Dar, uko na mke na baba mkwe, mvae nini, mbadilishe pesa wapi, mlale wapi, misikiti gani msiikose. Mwishoni ukagusia kwamba mmepewa namba ya kijana "atakayewazungusha bure". Hapo ndipo nimeshindwa kunyamaza. Mimi nilizungushwa bure pamoja na mama yangu mzazi, na hiyo bure ilitunyima kitu kimoja tulichokifuata.

Mama alikuwa na haja moja tu Cairo. Piramidi hakuziulizia. Alitaka kumzuru Imamu Shafii. Watu wa pwani tumelelewa kwenye madhehebu yake tangu chuoni, na mama alisimuliwa na mwalimu wake wa darsa kwamba juu ya kuba la Imamu pamewekwa mashua. Na kweli ipo, ya madini, kileleni mwa kuba la mbao alilolijenga Sultani al-Kamil wa ukoo wa Salahuddin mwaka 1211. Mtu wa Pangani akishasikia kuna mashua juu ya kaburi la Imamu wake, usingizi utampata wapi?

Siku yetu ya mwisho ilianza vizuri. Saa tatu asubuhi tulikuwa Sultan Hassan, chini ya ngome ya Salahuddin. Tulikata tikiti dirishani, tukaingia. Mama akakaa uani akiziangalia zile kumbi nne kubwa, maana jengo lile lilianzwa mwaka 1356 liwe msikiti na chuo cha madhehebu yote manne. Akaswali rakaa mbili, akaniambia, "Haya, sasa nipeleke kwa mwenyewe." Kutoka pale hadi kwa Imamu si mbali kwa teksi, unaelekea kusini kwenye makaburi ya Qarafa. Nikasimama barabarani kutafuta gari.

Ndipo akaja. Kanzu safi, tasbihi mkononi, alama ya sijda kwenye paji. Salamu kamili mpaka wabarakatuh. Akauliza tunatoka wapi, akafurahi, akamwita mama "ummi". Nikamwambia tunakwenda kwa Imamu Shafii. Akasikitika usoni kabisa: leo pamefungwa, kuna swala, wageni hawaingii mpaka baada ya Alasiri.

Isome tena hiyo, mkuu. Pamefungwa kwa sababu ya swala! Naambiwa hivyo mimi Muislamu, nina udhu, na mama yangu ana udhu. Tena ilikuwa haijatimia saa tano. Kuna swala gani ya jamaa saa tano asubuhi? Wanaozuiwa wakati wa swala ni watalii wanaokuja kutazama, na muda wenyewe ni mfupi, isipokuwa Ijumaa. Anayekwenda kuswali anaingia na wenzake. Hayo yote nayajua tangu utotoni, na bado niliitikia, kwa kuwa aliyesema alikuwa na kanzu na tasbihi.

Akasema tusikae juani, duka la mjomba wake liko karibu, tupumzike mpaka pafunguliwe. Tukaenda. Chupa za vioo ukutani, zulia, chai ya mnanaa, kisha kinywaji cha choya. Mjomba akaanza kumpaka mama mafuta mkononi, moja baada ya jingine: udi, yungiyungi, yasmini. Hakumlazimisha mtu. Hapo ndipo penye mtego, na nakuomba umwangalie baba mkwe wako, maana wazee wetu wote wako hivyo. Mama amekunywa chai ya mtu, amekaa kwenye zulia la mtu, ameombewa dua na mtu. Kwa malezi yake, kuinuka mikono mitupu ni aibu isiyosemeka. Akaninong'oneza, "Baba, tununue hata kimoja." Kimoja kikawa vinne. Nililipa dola 220, na ndani yake ilikuwa sadaka aliyotumwa na wenzake wa darsa aifikishe kwa Imamu.

Alasiri ikaadhiniwa tukiwa bado humo. Nikamwambia yule bwana twende sasa. Akaenda kando kupiga simu, akarudi: leo hawafungui tena, njooni kesho. Kesho gani, na ndege yetu ilikuwa usiku ule? Mizigo ilikuwa hotelini upande wa pili wa mji, na foleni ya Cairo jioni haina huruma na msafiri. Hatukufika.

Uwanjani usiku tukakutana na vijana wawili wa Unguja wanaosoma Al-Azhar, wanarudi likizo. Mmoja wao alikuwa ameswali Adhuhuri siku hiyohiyo kwa Imamu, alikwenda kuaga. Pako wazi, akasema, hapakufungwa. Mama hakusema neno. Alivuta mtandio, akageukia dirisha. Dola 220 zimesahaulika, ile hali ya mama haijanitoka. Sasa magoti yamemshinda, safari nyingine ya ndege hawezi.

Yule bwana simsamehei. Namkasirikia pia jamaa yangu aliyenishauri kabla ya safari kwamba Cairo usitembee bila mwenyeji, wale ni ndugu zetu wa dini. Ndugu wa kweli wapo tele, tulielekezwa njia na wengi wasiotaka hata senti. Lakini hao uliwauliza wewe. Anayekuja mwenyewe na habari ya kufungwa ana duka mahali.

Kwa hiyo, akisema nani, awe na kanzu, awe na kitambulisho shingoni, awe dereva wa teksi: msikiti haujafungwa mpaka umefika mlangoni ukauona umefungwa kwa macho yako. Mwambie teksi "Imam al-Shafi'i" na asikushushe pengine. Ukitaka wa kukuongoza, waulize jamaa zako wa msikitini huko nyumbani, hawakosi mtoto wa mtu anayesoma Al-Azhar.

Misikiti mingine: Ibn Tulun usiuache, wa mwaka 879, ua mpana na mnara wenye ngazi kwa nje. Kuingia hakuna tikiti, ila atatokea wa kudai pesa za viatu. Mpe kidogo upite. Al-Azhar nenda mkaswali Magharibi. Mavazi: mkeo na baibui lake yuko sawa popote. Hoteli na kubadilisha pesa watakujibu wengine humu.

Kwa Imamu nendeni siku ya kwanza, asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote. Mkifika, mfikishieni salamu za mama yangu. Na kabla hamjaondoka, piga picha ya ile mashua juu ya kuba uiweke hapa, nimwonyeshe.